Barua ya wazi kwa wakubwa wa mji: hiyo X mliyochora kwa Mzee mje muifute

Waheshimiwa,

Salamu kwenu nyote, kuanzia mkubwa mwenye kiti cha kuzunguka mpaka yule kijana mliyemtuma na ndoo ya rangi nyekundu, ambaye yeye simlaumu, alitumwa tu, na kabla ya kuchora alikula kwanza. Jina la mji sitalitaja, sitaki kumuaibisha mtu na wenyewe mnajijua. Sisi wa huku mpakani na Kenya, upande wa Uganda, mtu akisema "pale kwa Mzee" hatuulizi Mzee gani, ni yule mchoma nyama. Ni pale kwenye mwembe, mkono wa kushoto ukitoka forodhani, kabla hujafika yadi ya malori.

Karatasi mliyomwachia nimeisoma. Inasema wachomaji wote wa nyama walioko kando ya barabara wahamie soko jipya, ghorofa ya pili, kabla mwezi haujaisha, na asiyehama atavunjiwa, ndo mkamchorea hiyo X nyekundu ukutani na kwenye majiko. Imeandikwa Kiingereza kigumu, mjukuu wake ndo alimsomea. Mi nawaandikia Kiswahili manake ndo kinachoongewa pale, na alafu baraza la mawaziri la Uganda lenyewe mwaka 2022 si lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, basi tuanze na barua hii.

Kwenye hiyo karatasi mnamuita mchuuzi asiye rasmi. Hapo ndo iliponiuma. Mzee ana boksi la biskuti chini ya meza ya Mama, mke wake, limejaa leseni za kila mwaka na zile tiketi ndogondogo za ushuru za kila asubuhi, zingine wino umefifia hadi husomi kitu, zingine zina mafuta ya mbuzi. Amewalipa nyie, akawalipa waliokalia hivo viti kabla yenu, na waliokuwa kabla ya hao. Kama si rasmi, hizo pesa mlikuwa mnapokea za nini?

Lakini sitaki tuanze na ugomvi. Nataka kwanza niwaambie pale ni wapi, manake wengine mmeletwa kazi hapa juzijuzi na nadhani mnapajua kama mahali pa lanchi tu.

Jiko la kwanza lilikuwa pipa la mafuta limekatwa katikati kwa urefu, likalazwa juu ya matofali, wavu wake ukafungwa kwa vyuma vya ujenzi. Sasa majiko yameongezeka na kuna huo ukuta mliochora, lakini pipa bado lipo, ndo la mbuzi mpaka leo. Mzee anachoma, Mama ana kachumbari na pesa na kila kitu kingine. Watoto wao wote wamepita kwenye ule moshi, mmoja sa hii ni mwalimu, mwingine anaendesha trela mpaka Juba, na binti wa mwisho ndo anashika kisu siku mgongo wa Mzee ukikataa, na nawaambia ukweli binti anakata mbavu vizuri kumshinda baba yake, ila msimwambie.

Moto unawashwa saa tatu asubuhi na hakuna nyama inayogusa wavu mpaka makaa yavae jivu jeupe. Wateja wapya wanalalamika, Mzee si moto umewaka, na yeye anajibu huo ni moto wa kuchemsha chai. Viungo hakuna, sijui soya sosi, sijui masala, hana. Ni maji ya chumvi tu kwenye chupa ya plastiki, kifuniko kimetobolewa kwa msumari, na hiyo chupa ina kazi mbili, inatia chumvi na inazima ule moto unaoruka mafuta yakidondoka, manake mafuta yakiwaka yanaacha masizi kwenye nyama na unakula uchungu. Mguu wa mbuzi unakaa pembeni ya wavu ambapo joto si kali, unageuzwa, unageuzwa tena, mpaka mafuta yaache kudondoka na nje pagonge kidogo ukipiga na mgongo wa kisu. Ukimharakisha anakuuliza kwani uliibiwa muda. Alafu inaletwa kwenye ubao inakatwa mbele yako, chumvi kirundo pembeni, kachumbari ya Mama yenye ndimu nyingi na pilipili isiyo na huruma, na unachagua mwenyewe, posho (ugali wa mahindi), kalo (ugali wa wimbi), muhogo, au gonja, ile ndizi kubwa tamu, iliyochomwa kwenye makaa yaleyale. Mi ni mtu wa gonja. Kuna watu wanasema gonja na mbuzi haviendani, hao nawaachia Mungu.

Bia pale hakuna. Ukitaka malwa, ile pombe ya wimbi, vuka barabara, huko kuna chungu na mirija na makelele yake. Nguruwe pia hakuna, na mbuzi anachinjwa machinjioni na Muislamu alafu daktari wa mifugo anapiga mhuri, manake wateja wa kwanza kabisa wa Mzee walikuwa madereva wa kutoka Mombasa, na Mzee, ambaye Jumapili utamkuta kanisani anaimba besi, alisema mtu ameendesha kutoka baharini mpaka hapa, asifike akaanza kuuliza nyama imechinjwa na nani. Ndo maana zile benchi zimekuwa za kila mtu, masheikh na wachungaji, akina mama na watoto mgongoni, askari, maajenti wa mizigo, tanboi, msaidizi wa dereva, ambaye bosi wake hajamtumia pesa anayeandikwa tu kwenye daftari. Mama yangu aliuza mitumba karibu na pale na hakuwahi kuogopa kunituma jioni peke yangu, mtoto na noti mkononi, alijua hakuna mlevi atakayenisumbua. Na alipougua, supu ya mifupa ilikuja nyumbani kwetu kila alfajiri kwenye kile kibirika cha bluu, kabla hata madereva hawajapata yao. Hatukuagiza. Tulipouliza ni pesa ngapi Mama wa pale alijifanya hajasikia.

Na kuna ile kawaida ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Kila matokeo yakitoka unampeleka mtoto na karatasi yake. Mama anavaa miwani, anasoma kwa sauti benchi zote zinasikiliza, Hisabati ngapi, Kiingereza ngapi, alafu mtoto anapewa figo la mbuzi, zima, lako peke yako, hata baba yako haruhusiwi kuonja. Ukipata agrigeti nne, yaani alama za juu kabisa, ni figo mbili. Na aliyefeli? Anapewa vilevile, ila kwanza anavutwa sikio kidogo na kuulizwa mwakani ana mpango gani. Siku hizo Mzee anaanza kukusanya figo mapema, ole wako wewe mtu mzima uagize figo mwezi huo. Mi nilipata langu moja. Nimekula nyama Kampala kwenye mahoteli ya vitambaa vya meza, nimekula Namawojjolo pale wauzaji na makoti yao ya namba wanapokimbilia madirisha ya basi na mapaja ya kuku na mishikaki, nimekula Lukaya nikienda Masaka, na zote ni tamu, siwezi kudanganya, lakini lile figo, hapana, halijapata mwenzake.

Sasa wale mliokuwepo, mnaikumbuka Jumapili ya tarehe 12 Agosti 2012? Marathoni ya Olimpiki ya London. Tivii ya Mzee ilikuwa ile ya mgongo mkubwa, imefungwa kwenye rafu kwa waya isianguke, na chini yake wamejaa madereva Wakenya, wamekaa kama watu wanaosubiri chenji yao, manake Wilson Kipsang alikuwa amechomoka mbele, Abel Kirui naye yupo, na mwana wetu Stephen Kiprotich anafuatafuata tu. Walitucheka jamani. Mmoja akaagiza mbavu nzima za kusherehekea kabla mbio hazijaisha, na Mzee akamwambia sawa nachoma, lakini Mganda akishinda hizi mbavu ni zetu na unalipa wewe. Jamaa akacheka akapiga meza, mkataba umekubaliwa. Zimebaki kama kilomita tano Kiprotich akawapita wote wawili, akaenda zake! Watu walipanda juu ya benchi, ajenti mmoja alimkumbatia mwenzake waliyekuwa hawaongei tangu mwaka juzi, na Mzee kwa mara ya kwanza maishani aliacha nyama ikaungua upande mmoja. Dhahabu ya kwanza ya Uganda Olimpiki tangu John Akii-Bua mwaka 1972 kule Munich, Kirui fedha, Kipsang shaba. Yule Mkenya alilipa. Na tukamkaribisha tukala naye zilizoungua na zisizoungua.

Si sherehe tu lakini. Januari 2008, Kenya ilipowaka baada ya uchaguzi, watu walianza kuvuka kuja kwetu na magodoro kichwani, Malaba, Busia, kila mahali, wengi wakapelekwa kambi ya Mulanda kule Tororo. Reli ilikuwa imeng'olewa Kibera, malori hayaji, petroli Uganda ikawa bei ya kutisha, na Mzee hana mteja hata mmoja. Mama akabandika sufuria kubwa juu ya lile pipa la mbuzi, posho na maharage, na kila aliyepita na mtoto alikula. Daftari hakulifungua. Baadaye sana, mambo yalipotulia, kuna familia ilikuja kutoka ng'ambo na mbuzi hai, wakamfunga kwenye mwembe, wakasema Mama huyu ni wako, wakanywa soda wakarudi. Mzee alikataa kumchinja. Mbuzi alizeeka palepale anakula maganda ya gonja.

Alafu 2020. Nyie wengine mlikuwa ofisini na vibali kwenye vioo vya magari, sisi kafyu ilikuwa saa moja jioni, na nyama choma yenyewe ndo inaanza saa moja jioni, sa uniambie. Madereva wa malori, watu ambao mji huu umekula jasho lao miaka yote, ghafla wakawa ndo ugonjwa wenyewe. Kila siku redioni ni dereva kadhaa wamekutwa na virusi mpakani, watu wakawa wanawarushia maneno, kuna maduka hawakutaka hata kuwauzia maji, na wao wamekwama kwenye foleni haina mwisho wanasubiri majibu ya vipimo, wanalala kwenye kabini. Mzee akatafuta ufito mrefu akafunga ndoano mwishoni. Nyama inafungwa kwenye majani ya ndizi alafu kavera, mfuko wa plastiki, inaning'inizwa mpaka dirisha la lori, na pesa inarudi kwenye kikopo chenye maji ya sabuni. Noti zilikuwa zinaanikwa kwenye kamba ya nguo! Kuna trela moja la Mombasa mpaka leo likipita pale linapiga honi hata kama halisimami, na mtu yeyote kwenye benchi anainua mkono, hata wasiojua kwa nini.

Nikisema juu ya usafi, kwa sababu karatasi yenu imetaja usafi mara nyingi. Mwanzoni mwa 2018 zile habari za nyama iliyotiwa formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, kule Kampala zilivoenea, kila mtu akawa anaogopa bucha, na ikawa kichekesho, tunatafuta nzi, manake walisema nyama ambayo nzi hataki kutua ina dawa. Mzee, ambaye maisha yake yote amepigana na nzi kwa tawi la mwarobaini, siku moja akaacha mmoja atue kwenye mguu wa mbuzi akatuita wote, "Njooni mumuone inspekta wangu." Utani ni utani, lakini nawauliza, kwenye mji huu ni nani mwingine ana jerikeni ya bomba na sabuni mbele kabisa, na mama anayekurudisha kunawa tena kama hujanawa vizuri, hata uwe nani? Namjua afisa mmoja alirudishwa.

Na ugonjwa wa miguu na midomo ulipofungisha minada ya mifugo wilaya nyingi, ile ya 2023 kuingia 2024, mbuzi wa njia za panya walikuwa wanapita usiku kwa bei ya kutupa, mnajua na mnajua kwamba tunajua. Yeye akachoma kuku tu mpaka karantini ilipoisha. Ilikuwa pia wakati makaa yamepanda, baada ya Rais kukataza biashara ya makaa ya kaskazini Mei 2023, gunia likawa halishikiki. Hakupunguza kilo kwenye mizani hata gramu. Aliacha tu kunywa chai ya maziwa, alisema daktari ndo kamkataza, hatukuamini.

Sasa nije kwenye ghorofa yenu.

Kuna kitu nadhani hamjakifikiria. Zamani mpaka wenyewe ndo ulikuwa unamletea Mzee wateja. Dereva anafika, karatasi zinakaguliwa upande wa Kenya, anavuka, zinakaguliwa tena upande wetu, siku zinapita yuko hapahapa, atakula wapi? Kuanzia 2014 ukaja ule mfumo wa forodha moja wa Afrika Mashariki, mizigo mingi ushuru wake unamalizwa ikiwa bado Mombasa, alafu vikaja vituo vya pamoja vya mpakani, kile cha Busia Museveni na Uhuru Kenyatta walikizindua Februari 2018, gari linasimama mara moja tu upande linaloingia. Ni kitu kizuri, hata Mzee anasema ni kizuri, kijana wake ni dereva. Lakini maana yake ni kwamba siku hizi hakuna anayekula pale kwa sababu amekwama. Anasimama kwa sababu ametaka kusimama. Ameuona moshi kwa mbali, harufu imeingia dirishani, kuna mahali pa kuegesha trela, anashuka. Ukiondoa kimojawapo anaendelea na safari yake, atakula Najjembe au Namawojjolo huko mbele njia ya Kampala, na pesa yake inaenda kushukia huko.

Ghorofa ya pili haina hata kimoja kati ya hivo. Trela haipandi ngazi. Nimepanda mwenyewe nikaangalia, ni meza za zege, tailesi nzuri za kung'aa, vidirisha vidogo vya nondo na hakuna sehemu hata moja ya kutolea moshi. Hebu washeni makaa mle ndani siku moja tu, wenye nguo wa ghorofa ya juu watashuka na mafimbo na watakuwa na haki, nani atanunua gomesi inayonuka mbuzi? Alafu mnaona wenyewe waliopewa nafasi za juu walivyofanya, wauza nyanya na wauza viatu, wateja hawapandi, wameshuka wametandaza magunia barabarani, mnawafukuza asubuhi, jioni wamerudi. Sasa mnataka kuongeza Mzee wa umri ule na pipa la moto kwenye huo mchezo?

Najua mtasema barabara lazima ipanuliwe. Ipanuliwe, malori ndo maisha yetu. Lakini kilichoingia kwenye eneo la barabara ni ukuta tu, na Mzee ameshasema uvunjwe, alinambia ukuta ni matofali, matofali yanahama. Majiko yatarudi nyuma mpaka chini ya mwembe, kiwanja cha nyuma ni chake na makubaliano yake yana saini ya LC, kiongozi wa mtaa, wa wakati ule na mashahidi. Mtasema moshi unaingia kwa madereva. Hapo mna pointi, upepo wa mchana ukigeuka barabara inafunikwa, nimeona mwenyewe boda akipunguza mwendo kwa kushtuka. Fundi wa kuchomelea wa pale yadi amesema anaweza kutengeneza kofia ya bati na bomba refu la kupandisha moshi juu ya mwembe, na sisi wateja tumeanza kuchanga, hatuwaombi pesa. Maji ya bomba mkituvutia tutalipa bili.

Kwa kweli kitu ambacho sielewi ni hesabu zenu. Tangu 2022 tumesikia Parish Development Model, ule mpango wa serikali wa kuinua watu, asubuhi mchana jioni, milioni moja kwa mtu ili aanzishe kitu, na ni sawa, kuna jirani yangu amenunua kuku. Lakini hapa mna mtu aliyekwisha kuanzisha, bila milioni ya mtu, na ukihesabu walioko nyuma yake, yule mama wa gonja, wa ndimu, wa makaa, mchinjaji, vijana wa boda wanaopeleka oda, yule mzee mwingine anayelinda malori usiku na analipwa nyama na hela kidogo, hao wote mnawapandisha ghorofa gani?

Na nyie wenyewe, samahani, wageni wenu wakitoka Kampala lanchi inatoka wapi? Si ile pikapu yenye namba za serikali inarudi nyuma mpaka kwenye mwembe, inapakia mbuzi mzima na gonja na sufuria ya kachumbari, na dereva anasema andika Mama, ofisi italipa. Ya sherehe ya Uhuru ya Oktoba bado iko kwenye daftari. Sitasema ni kiasi gani, hajanituma.

Ninachoomba si kikubwa. Futeni X kwenye majiko, muiache kwenye ukuta kama mnataka, ukuta tumekubali. Mpeni Mzee karatasi nyingine, fupi, kwa lugha anayoisoma mwenyewe, iseme anarudi nyuma mita zinazotakiwa na anaendelea na kazi yake. Binti yake aandikwe kwenye leseni pamoja naye, manake huko mbele ndo atakuwa mwenye jiko na sitaki siku hiyo mseme hamumjui. Na wale wachomaji wengine wadogo wa upande wa pili, wa kuku na wa muhogo, msije mkawaonea kwa sababu hawana mtu wa kuwaandikia barua, nao kaeni nao chini muulize wanaweza kurudi nyuma kiasi gani.

Mkija kuongea na Mzee msije Ijumaa mchana, hamtapata pa kukaa na yeye hatawasikia. Njooni Jumanne saa tatu asubuhi akiwa anawasha moto. Njooni na tepu ya kupimia, na mtu mwenye uwezo wa kusaini siku hiyohiyo, msitume tena kijana na ndoo. Na kama mtaweza kubeba na ile ya Oktoba, Mama amesema chenji ipo.

Wenu,
mtoto wa mama wa mitumba, mteja wa gonja